Oligo safi, bafa ya ovyo: uzoefu wangu na DNA ya telomea "iliyokunjwa tayari"

Nilikuwa tayari kutoa nyota tatu, kwa sababu oligo yenyewe (kipande kifupi cha DNA kilichotengenezwa maabara) ni safi. Uzito wa molekuli kwenye karatasi ya vipimo unalingana na mfuatano, hakuna vipande vifupi vya kutia shaka, na mzigo ulifika mkavu. Kilichoniudhi ni yale maandishi "imekunjwa tayari, umbo la sodiamu" kwenye kichupa, pamoja na jibu la wakala alipoulizwa mle ndani kuna ioni gani hasa.

"Bosi, chumvi ni chumvi tu."

Kwa DNA hii? Tunazungumzia AGGGTTAGGGTTAGGGTTAGGG, kipande cha telomea (ncha ya kromosomu) ya binadamu chenye nukleotidi 22. Guanini (zile G) nne nne hujipanga kuwa bapa, bapa tatu hupandiana, na katikati unabaki mfereji uliozungukwa na oksijeni zinazosukumana. Ioni chanya isipoingia humo, umbo halisimami. Potasiamu hukaa kati ya bapa mbili na kushikwa na oksijeni nane. Sodiamu ni ndogo zaidi, inaweza hata kukaa katika usawa wa bapa lenyewe. Lithiamu ni ndogo kupita zote, ila imeng'ang'ania maji yake kiasi kwamba haifai kitu hapa. Hayo maji ndiyo mwamuzi: ili ioni iingie kwenye mfereji lazima ivuliwe molekuli za maji zinazoizunguka, na potasiamu huziachia kwa urahisi kuliko sodiamu. Kwa hiyo zikikutana, potasiamu hushinda hata ikiwa chache.

Nani asiyejua haya katika biashara hii? Wang na Patel walichapisha umbo la sodiamu kwa NMR (kipimo cha sumaku cha molekuli iliyo kwenye maji) mwaka 1993. Mwaka 2002 Parkinson, Lee na Neidle wakatoa fuwele ya potasiamu yenye umbo tofauti kabisa. Mfuatano ule ule, ioni nyingine.

Sasa kichupa chenyewe. Umbo la sodiamu kwenye CD (kipimo cha mwanga kinachoonyesha DNA imekunjwa vipi) lina kilele karibu na nanomita 295, bonde karibu na 265, na kilele kingine karibu na 245. Kilichotoka kwenye kichupa ni kilele cha 290, bega kwenye 265 hadi 270, na bonde la 240. Hiyo ni potasiamu, haihitaji miwani.

Imetoka wapi? Baada ya kusumbuana, mafundi wao wakakiri: bafa, yaani mchanganyiko wa kuishikilia pH, ni fosfeti ya sodiamu (NaH2PO4) milimola 20 pamoja na chumvi ya kawaida (NaCl) milimola 100, lakini pH ilirekebishwa kwa hidroksidi ya potasiamu. Piga hesabu. Kuitoa NaH2PO4 milimola 20 hadi pH 7 kunataka besi zaidi ya nusu ya kiasi hicho, yaani potasiamu milimola 10 na ushee. Hiyo inatosha kabisa kulivuruga umbo mbele ya sodiamu milimola 100. Na dawa aliyopendekeza wakala? Kuhamishia kwenye PBS, bafa ya fosfeti yenye chumvi. PBS ya kawaida ina potasiamu zaidi ya milimola 4! Nikazishusha nyota hadi mbili.

Karatasi ya maelekezo nayo inasema yeyusha kichupa "kwa ujazo wowote wa maji". Bafa imekaushwa humo humo, kwa hiyo ujazo ndio unaoamua ukali wa chumvi. Ukiongeza maji mara mbili, ioni zinabaki nusu. Chini kabisa wanashauri kuongeza polima iitwayo PEG 200 asilimia 40 "ili kuiga seli", bila kukuambia kwamba PEG inapunguza maji huru na, potasiamu ikiwepo, inasukuma DNA hii kwenye umbo sambamba (nyuzi zote nne zikielekea upande mmoja) lenye kilele cha 264. Hapo utakuwa na umbo la tatu ambalo hukuliagiza.

Labda nina hasira kupita kiasi. Oligo yao isiyokunjwa, isiyo na bafa, ningeipa nyota nne hata leo. Nunua hiyo, ukunje mwenyewe: kakodileti ya lithiamu milimola 10, pH 7.2, iliyorekebishwa kwa hidroksidi ya lithiamu (ina aseniki, vaa glavu), kisha NaCl milimola 100. Chemsha nyuzi 95 kwa dakika 5, acha ipoe polepole usiku kucha. Pima ufyonzwaji wa mwanga kwenye nanomita 260 ikiwa bado ya moto, na upate kiasi cha DNA kwa kigawo cha ufyonzwaji 228,500, maana iliyokunjwa hukudanganya kuhusu kiasi hicho. Kuyeyuka, yaani kukunjuka kwa joto, kufuatilie kwenye 295, si 260. Na elektrodi ya pH usiitumbukize kwenye chupa nzima: ndani yake mna KCl molari 3 na inavuja. Mimina kidogo pembeni, pima, mwaga.

Kichupa "kilichokunjwa tayari" kinapata nyota moja. Kukisafisha upya kunataka safu ya kuondoa chumvi na kukunja tena, kazi ile ile waliyoitoza pesa. Wakala bado hajajibu kuhusu marejesho, ila ametuma bei mpya ya PBS.