Nilimtajia dizaina bajeti yangu yote kabla hajafungua daftari

Watu wengi wameniuliza ukumbi wetu (sebule) wa nyumba ya Mkunazini, hapa Mji Mkongwe Zanzibar, katengeneza nani na kachukua ngapi, basi naandika hapa mara moja. Jina simtaji sijamuomba ruhusa, ila ni bibie wa hapa hapa mjini.

Kaka yangu alinambia usimtajie pesa ulonayo, ukisema milioni 12 kila kitu kitakuja milioni 12. Mie sikukubaliana nae kabisa, dizaina asojua mfuko wako atakuchorea ukumbi wa hoteli halafu mnaanza kupunguza hiki na kile mpaka mchoro hauna sura. Nikamwambia wazi, milioni 12, ukumbi na chumba kimoja cha kulala, hakuna nyengine inayokuja.

Hakuanza na masofa. Aliniuliza hiyo 12 imo ada yake yeye? Wamo mafundi? Imo boti kama kuna vitu vya kutoka Dar, na mahamali, maana uchochoro wetu gari haiingii? Tukatoa hayo yote kwanza pamoja na akiba ya asilimia 10, ndo tukajua pesa ya vitu khasa ni ngapi. Iliniuma kidogo lakini bora kuumwa siku ile.

Halafu ukuta. Nyumba zetu za mawe na chokaa mnazijua, wetu ulipigwa saruji zamani na rangi ilikuwa inabanduka chumvi inatoka nje, akanambia ukweli kwamba saruji inafungia unyevu ndani ya jiwe, tukipaka rangi ya ghali juu yake masika yakipita imebanduka tena, kwa hiyo fungu kubwa liende kubomoa ile saruji na kupiga plasta ya chokaa na mambo ya kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, masofa mapya yasubiri. Dizaina anotaka kukupiga hakwambii hivo, angeniuzia sofa! Badala yake tukachukua baraza ya mbao ya marehemu bibi, seremala akaisugua, tukashona mito, na mashallah ndo kila mgeni anakimbilia kukaa pale.

Ada tulipatana kiwango kimoja, milioni moja na nusu kwa mafungu matatu. Wako wanaochukua asilimia ya gharama yote, mie siipendi hiyo, kazi ikiwa ghali na yeye anapata zaidi. Na muulizeni bila haya kama anapewa kamisheni madukani. Mie nilimuuliza, akasema duka moja la mapazia Darajani wanampa, na ile pesa akaikata kwenye bei yangu. Hapo ndo nilimuamini moja kwa moja.

Kasoro zipo. Meseji anajibu taratibu mno, risiti za mafundi mpaka umkumbushe, na chokaa inakauka pole pole kwa hiyo kazi ilichelewa kuliko alivosema, hilo angenambia mapema maana watoto tulikuwa tunawalaza kwa mama mkwe. Lakini hakuniongezea hata shilingi, na ile akiba ilobaki tukaweka bawaba za shaba kwenye kabati maana za chuma hapa mjini zinashika kutu upesi.

Jiko namrudia yeye inshallah, nishamtajia nina milioni 5, kanambia kabati za juu tuziache.