Steki ya saba kati ya kumi: yaliyonikuta Guangzhou

Mimi si mtu wa kuandika habari za migahawa. Nikila nikashiba nashukuru, nisiposhiba naondoka. Ila hili limenikaa kooni, acheni nilitapike.

Ulikuwa msimu wa maonesho ya biashara ya Canton, hapo hapo Guangzhou, Uchina, yale ya Oktoba, si mwaka jana, ule wa nyuma yake kama sikosei. Wanaokwenda wanaujua msimu huo, hoteli za mtaa wa Xiaobei zinapandisha bei bila hata kupepesa macho. Nilikuwa nimezunguka soko la vitambaa la Zhongda siku nne nikitafuta mapazia, miguu imevimba, mzigo umeshafika kwa wakala. Nikamwambia mkalimani wangu, kijana wa nyumbani aliyesomea huko huko: "Mdogo wangu, leo hatuli wali. Leo tunakula kama wenye pesa." Akacheka, "Basi dada, twende Zhujiang New Town." Ni treni ya mstari namba 5, kutoka Xiaobei hubadilishi popote.

Mgahawa wa Kizungu hasa, ghorofani, vioo mpaka chini, mbele yako Mto Zhujiang na ule Mnara wa Canton wa mita 600 ukibadilisha rangi. Kitambaa cha meza kimepigwa pasi mpaka nikaogopa kuweka viwiko. Nilifurahi. Naomba mkumbuke hilo: niliingia na furaha yangu.

Akaja mhudumu, mwanaume, kizibao cheusi, nywele zimelala na mafuta. Nikaagiza steki, yuani 468. Kijana akanitafsiria kwamba anauliza iive kiasi gani. Sasa Wachina nyama hiyo wanaihesabu kwa kumi. Kuna ya tatu, ya tano na ya saba. Mbona wanaruka nne na sita, sijapata wa kunijibu. Menyu ilikuwa na picha, na picha zilikomea saba, katikati bado pinki.

Nikasema, "Mwambie anipe hiyo saba, halafu aongeze tatu zangu."

Mhudumu hakucheka. Tena hakunitazama. Muda wote alikuwa anamtazama kijana, utadhani kijana ndiye mwenye pochi. Akasema kitu kirefu. Kijana akanitafsiria kifupi: "Anasema mpishi anashauri saba." Nimefanya biashara miaka mingi, najua mtu akisema sentensi tano ukatafsiriwa moja, nne zimefichwa wapi. Nikambana. Akainamisha kichwa. "Dada, amesema wanaoomba iive yote ni wale ambao hawajazoea kula steki."

Hawajazoea!

Jamani, baba yangu alikuwa na bucha Arusha. Nimekua naning'iniza mapaja ya ng'ombe kwenye ndoano kabla sijajua kusoma. Naijua nyama kwa kuinusa tu, najua sarara inakaa wapi na nani anakuuzia shingo akikwambia ni sarara. Leo mtu wa kizibao aniambie sijazoea nyama!

Ikaja. Nikakata. Nyekundu. Nikairudisha. Ikaja tena, nje nyeusi kama mkaa, ndani vile vile, na maji mekundu yakatambaa mpaka kwenye viazi. Wakati huo huo mnara nao ukageuka mwekundu wote, nikaona hata wenyewe unanikebehi. Nikairudisha. Tambi za kamba za kijana zilikuwa zimeshapoa, maskini, anaogopa kula mbele yangu. Meza ya jirani wameshika simu, sijui walikuwa wanapiga picha mto au wananipiga mimi.

Hapo nilikuwa nimeshaamua: nyota sifuri, na kama kuna chini ya sifuri, hiyo.

Lakini nikisema nikomee hapo nitakuwa mwongo. Supu yao ya uyoga, nzito, ina harufu ya msitu baada ya mvua, sijawahi kunywa ya namna ile popote. Nilipangusa bakuli kwa mkate mbele ya watu na sikuona aibu. Na ile steki ya mara ya tatu hakuileta yule bwana. Aliileta msichana mdogo wa jikoni, aproni ina madoa, akaiweka mezani akasimama kando anasubiri. Nikakata: imeiva yote, na bado laini. Sijui walifanyaje. Nikamwonyesha dole gumba, akaziba mdomo kwa kicheko akakimbia. Yule bwana alipokuja kuuliza ikoje, nikamwambia kijana, "Mwambie ya kawaida tu." Roho mbaya, najua. Nilikula yote na mafuta yake.

Nikaanza kusamehe. Nikafika kwenye nyota tatu, karibu nne. Ndipo ikaja bili: yuani 1,012, ndani yake asilimia 15 ya huduma. Huduma! Ya kunipa mgongo, au ya kunifundisha nyama? Na hapo Alipay, ile ya kulipia kwa simu, haijakata asilimia 3 yake, maana kadi yangu ni ya nyumbani na malipo yamevuka yuani 200. Ile asilimia 15 ningempa yule msichana mkononi bila kuombwa, ila Uchina hawana desturi ya bakshishi, na kijana alinizuia.

Basi mbili. Andikeni mbili. Moja ya supu, moja ya msichana. Ya mnara simpi mtu, mnara si wao.

Mkienda, neno lenyewe ni quanshu, yaani iive yote. Mwandikiwe kwenye simu, mlionyeshe kabla hamjavuta kiti. Na supu agizeni mbili mbili, maana bakuli ni dogo. Mzigo wa safari ijayo ukifungwa mapema, mimi nitapita.