Mafunzo ya mipaka kazini mjini Tabora: yanastahili ada yake

Mafunzo haya ya jioni, yanayohusu kukataa kwa heshima kazi inayovuka wajibu na saa zako, yananufaisha hasa kwa sababu mwezeshaji huanza na sheria kabla ya kugusa tabia za watu. Alifafanua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, kwamba saa za ziada zinahitaji makubaliano, na kwamba malipo yake hayapaswi kuwa chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida.

Kisha tulifanya mazoezi wawili wawili ya kumjibu bosi anayepiga simu usiku: “Shikamoo bosi, nimekuelewa, kazi hiyo nitaanza nayo kesho asubuhi nikifika ofisini.” Zoezi hili ndilo lililonigusa zaidi, kwa maana wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba kumkatalia mkubwa ni kumkosea adabu, na hapa heshima ilibaki palepale.

Suala la wafanyakazi wenzetu wanaotubebesha kazi zao, hata hivyo, liligusiwa harakaharaka mno. Ningewaomba waandaaji walitengee jioni yake.