Elfu mbili za kuanza kuchora: nunua hivi, acha vile

"Mjomba, nina elfu mbili. Ninunue ile seti ya vipande 72?"

Mpwa wangu wa Rongai alinitumia swali hilo na picha juu yake: mkoba mweusi wa zipu umefunguliwa kama kitabu, penseli zimejipanga ndani kama meno ya kitana. Nilimjibu asubiri kwanza, halafu nikakaa kuandika haya, maana najua si yeye peke yake anayeuliza.

Mimi pia nilianza hivyo. Niliingia duka moja la vifaa vya shule karibu na River Road, Nairobi, muuzaji akaniambia "bosi, hii ni orijino," nikatoka na kopo la penseli 14. Usiku ule nilichora visanduku 14 kwenye mstari mmoja, kila penseli ikajaza chake. Kuanzia 2B hadi 8B, ambapo kila namba ilipaswa kuwa nyeusi kuliko iliyotangulia, vyote vilikuwa kijivu kilekile, rangi ya jivu la jiko. Kilichobadilika ni namba tu.

Kwa hiyo nimepanga vifaa hivi kwa kipimo kimoja: kipi kitakufanya uchore mara nyingi zaidi miezi mitatu ya kwanza. Uzuri wake mezani sikuuhesabu.

Nambari moja: penseli tatu za kuchagua mwenyewe, na karatasi tele

Nunua HB, 2B na 6B, moja moja, si kwa seti. HB ni ya mistari myepesi ya kupimia, 2B ni ya kazi nyingi, 6B ni ya vivuli vizito, kama pale chini ya kidevu au ndani ya kikombe.

Namba hizo zina maana, mradi kiwanda kiwe kiaminifu. Tunachokiita risasi ya penseli hakina risasi hata chembe. Ni grafiti, madini meusi laini, iliyosagwa, ikachanganywa na udongo, ikachomwa tanurini. Njia hiyo alipewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795, wakati Ufaransa ilikuwa vitani na Uingereza na grafiti safi ya Waingereza ilikuwa haifiki. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na mstari wake mwembamba wa kijivu; hizo ndizo za H. Grafiti ikizidi, inakuwa laini na nyeusi. Hizo ni za B. Lile kopo langu nadhani lilipikwa chungu kimoja, halafu mtu akapewa muhuri na orodha ya namba.

Mbili ambazo hazijaniangusha ni Staedtler Mars Lumograph, ile ya bluu, na Faber-Castell 9000, ile ya kijani ambayo imekuwa ikitengenezwa Ujerumani tangu 1905. Maduka makubwa ya vitabu huziuza moja moja. Mimi huanzia Text Book Centre. Bei ya moja inakaribia kununua dazeni ya penseli za shule, najua, lakini unazihitaji tatu tu, na 6B peke yake ndiyo itakayoisha upesi. Kama pesa hazitoshi, nunua 6B nzuri, halafu HB iwe Nataraj ya mistari myekundu na myeusi inayouzwa kila kona. Kwenye HB tofauti si kubwa. Ukifika 6B ndipo penseli rahisi inapojulikana: inakwaruza, ina vichanga, inavunjika.

Kabla ya kulipa, igeuze penseli uitazame kichwani. Ile nukta nyeusi iwe katikati kabisa ya mti. Ikiwa imeegemea upande, kila ukichonga utakata mti upande mmoja na risasi itabaki uchi upande wa pili, mpaka ivunjike. Kisha iviringishe juu ya kaunta. Ikirukaruka imepinda. Muuzaji akikuangalia vibaya, mwache akuangalie. Na usikubali uliyoiona ikianguka sakafuni: nje inaonekana nzima, ndani imevunjika vipande, na utayajua hayo ukishafika kwenye kichongeo.

Sasa karatasi, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Mtu ananunua daftari la michoro lenye jalada gumu na karatasi nene za kupendeza, kisha analiogopa. Ukurasa wa kwanza anachora jicho, linakuwa kama la samaki, analifuta, linabaki doa, daftari linarudi kabatini. Nimewaona watatu wenye daftari la namna hiyo, na la nne lilikuwa langu.

Nunua karatasi za A4 za kawaida, zile za mashine za fotokopi. Zina uzito wa gramu 80 kwa mita moja ya mraba, maana yake karatasi moja ina gramu tano na rimu nzima ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu. Mtafute mwenzako mgawane rimu, au umwombe fundi wa fotokopi akuhesabie mia moja. Bora zaidi, mwombe zilizoharibika. Kila kibanda cha fotokopi kina rundo la karatasi zilizochapwa upande mmoja kwa makosa, na nyingi huishia kufungia njugu. Mkono wa kwanza nilioweza kuuchora ukafanana na mkono upo nyuma ya ukurasa wa fomu ya zabuni ya mtu nisiyemjua. Sijautupa.

Karatasi hizo ni laini, hazishiki tabaka nyingi za 6B. Hilo si tatizo kwa sasa. Ukishafika kwenye vivuli vya dhati, tafuta karatasi yenye ukwaruzo kidogo, ya gramu 120 au 150. Ipapase kwa kidole. Inayoteleza kama kioo irudishe. Kama kuna sampuli, chora doa zito la 6B kwenye kona, futa mara tatu mahali palepale. Ikiota manyoya, hiyo ni ya kuandikia barua.

Vinavyobaki ni vidogo. Ufutio uwe mweupe wa plastiki. Ule mwekundu wa kwenye mkia wa penseli ukikauka hufuta kama kipande cha tofali na kuacha doa la waridi. Kibao chenye kibanio cha chuma kitakuwezesha kuchora ukiwa umekaa popote. Kichongeo cha chuma kinatosha, ila ukiweza jifunze kuchonga kwa wembe, kama tulivyofanya darasa la nne: ncha inatoka ndefu, na kwa ubavu wake unaweza kujaza kivuli kipana mara moja. Mtoto mdogo asipewe wembe.

Mara ya mwisho nilipomnunulia rafiki vyote hivi, pamoja na nusu rimu, havikufika elfu moja.

Nambari mbili: kalamu ya Bic na daftari dogo lisilo na mistari

Kuna siku nafikiri hii ndiyo ingekuwa ya kwanza. Bic ile ya kawaida, ya mwili angavu, imekuwa sokoni tangu 1950 na haijabadilika sana, na kwa mchoraji ina siri moja: ukiigusisha karatasi kidogo inatoa mstari wa kijivu hafifu, ukikandamiza inatoa wino mzito. Unapata vivuli bila kubadilisha kalamu. Na haifutiki, kwa hiyo unatazama kabla ya kuandika mstari, jambo ambalo mwenye ufutio hujisahau kulifanya.

Daftari liwe A5, liingie mfukoni mwa koti au kwenye mkoba. Lifungue katikati dukani: likikataa kulala chali, litakusumbua kila siku. Lililoshonwa kwa uzi au la waya ni afadhali kuliko la gundi. Kisha litembeze. Matatu iliyokwama kwenye foleni ni darasa bora, kila mtu amelala kichwa kimeinama upande mmoja na hakuna anayesogea. Benchi za bustani ya Jeevanjee pia, na sanamu ya Tom Mboya pale Moi Avenue, ambaye hachoki kukaa pozi. Ukichora majengo, askari atakuja kuuliza. Mmoja alinikuta nikichora mlango anaoulinda, nikampa daftari alitazame. Alijitafuta kwanza, akajipata, akasema, "Kofia ni yangu. Hayo masikio rudisha ulikoyatoa."

Ubaya wake: wino wa Bic hupauka ukiachwa juani, kwa hiyo usiubandike mchoro dirishani.

Nambari tatu: kopo la penseli 6 au 12 la kampuni inayojulikana

Hili ni zawadi nzuri kwa mtu mwingine. Ukijinunulia mwenyewe, fahamu kwamba katika hizo 12 utatumia nne, na zile za H zitabaki ndefu mpaka watoto wako wazikute. Faida yake kubwa ni kopo lenyewe, maana penseli zinazozurura ndani ya mkoba huvunjika.

Nambari nne: tableti ya kuchorea

Kwa anayetaka kuchora vibonzo au kazi za matangazo hatimaye atafika huku, na programu kama Krita ni ya bure kabisa. Lakini tableti nyingi za bei ya chini hazina skrini: mkono unachora mezani, macho yako kwenye kompyuta. Hilo ni somo lake peke yake, na ukilichanganya na somo la kuchora hutajua ni lipi linalokushinda. Pia inahitaji kompyuta na umeme, na mnajua stima za mitaa yetu. Chora kwa penseli mpaka mwaka uishe, halafu tuzungumze.

Ya mwisho: ule mkoba wa vipande 72

Nimeufungua wa jirani yangu tukauhesabu. Ndani kuna penseli za kawaida za namba, penseli za rangi, penseli za rangi za maji, vijiti vya makaa, karatasi zilizosokotwa za kulainishia vivuli, kichongeo, msasa, na kijidaftari chembamba. Kila kitu kipo kidogo na hakuna kilicho kizuri. Nilipoijaribu 8B ikanirudisha kwenye lile kopo la River Road. Mwanzoni mtu hushinda akijaribu vitu badala ya kuchora, na wiki ya pili anagundua kwamba rangi za maji zinahitaji karatasi nzito ambayo mkobani haimo. Zipu yake, kusema haki, ni imara.

Vijiti vya makaa sikuvipa nafasi kwa sababu vinachafua nyumba nzima na mwenye kuanza huishia kupaka kuliko kuchora. Na la, makaa ya jikoni si mbadala: ni magumu, yana vipande vinavyokwaruza karatasi, nimejaribu. Kalamu za rangi za spiriti zenye ncha mbili pia ziache. Hupenya karatasi ya gramu 80 hadi mezani.

Mpwa wangu ametumia shilingi 850. Jana alinitumia mchoro wa sufuria ya bibi yake, mshikio mmoja mrefu kuliko mwenzake, nyuma ya risiti ya mtu ya maji. Anataka kujua kivuli kiangukie upande gani. Nimemwambia elfu moja na ushee iliyobaki aichukue nauli, aje mjini Jumamosi na kibao chake. Tutakaa Jeevanjee kabla jua halijawa kali, na wembe nitaubeba mimi.