Gereji ya Mwanakwerekwe Inayosoma Resi za Porsche: Nilicholipia na Nilichokipata

Kwa miezi minne nilikuwa nikitafuta Porsche Boxster ya mtumba hapa Unguja, na katika miezi hiyo niligundua kwamba gari la spoti likishaoshwa, likapigwa nta na kuegeshwa chini ya mwembe, kila apitaye hugeuka mtaalamu wa injini. Dalali atakwambia kwamba injini haijawahi kufunguliwa. Jirani wa dalali ataapa kwamba analijua gari hilo tangu liliposhuka bandarini Malindi. Na wewe mwenyewe, ukishakaa kwenye kiti na kushika usukani, huwa umekwisha kulinunua moyoni kabla hujauliza bei. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na sijaona bidhaa inayostahiki msemo huo kuliko gari la mbio lililopita mikononi mwa watu watatu. Kwa hiyo mapitio haya yanahusu huduma moja tu, nayo ni kusomewa kumbukumbu za resi, yaani za mizunguko ya injini iliyopita kiasi, zilizohifadhiwa ndani ya kompyuta ya injini. Niliipata katika gereji ndogo iliyoko ndani ya mitaa ya Mwanakwerekwe, ambayo mwenyewe ameniomba nisiitaje kwa jina kwa kuwa, kwa maneno yake, magari yaliyojaa uani yanamtosha.

Nieleze kwanza kinachosomwa, kwa sababu wengi niliowauliza walidhani ni ile taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi. Kompyuta ya injini ya Porsche huhesabu kila cheche ya plagi inayopigwa wakati injini ikizunguka kupita kiwango kilichowekwa na kiwanda, na pamoja na hesabu hiyo huandika saa ya injini, yaani jumla ya saa ambazo injini ilikuwa imekwisha kufanya kazi, pale jambo hilo lilipotokea kwa mara ya mwisho. Katika magari ya kizazi cha 986 na 996, namba za kiwanda za Boxster na 911 za zamani, hesabu hizo ziligawanywa katika ngazi mbili tu, lakini katika kizazi cha 987 na 997 kilichofuata, ambacho ndicho nilichokuwa nikikitafuta mimi, ngazi ni sita. Ngazi ya kwanza ni kugusa mpaka. Ya sita ni balaa.

Tofauti kati ya ngazi za chini na za juu ndiyo roho ya jambo lenyewe. Dereva akikanyaga mafuta mpaka mwisho na kusahau kubadilisha gea, kompyuta yenyewe humzuia, kwani hukata mafuta au cheche pale injini inapofika ukomo wake, na kinachoandikwa huwa ni ngazi ya kwanza au ya pili. Lakini dereva huyo huyo akitaka kutoka gea ya tatu kwenda ya nne, mkono ukateleza ukaingia ya pili, kompyuta haina la kufanya, maana wakati huo injini haisukumi magurudumu bali magurudumu ndiyo yanayoiburura injini. Injini iliyokuwa ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inaweza kulazimishwa kufika karibu 9,000, na kwa kuwa nguvu inayovuta pistoni na konrodi, yaani chuma kinachoishika pistoni, hupanda kwa mraba wa mwendo, mzigo huo huwa zaidi ya mara mbili ya ule uliokuwapo nusu sekunde kabla. Springi za vali hushindwa kuzifunga vali kwa wakati, vali hukutana na pistoni, na boliti za konrodi huweza kurefuka kidogo bila mtu kujua. Gari la gea za otomatiki la aina ya Tiptronic lina hifadhi dhidi ya kosa la namna hiyo, kwa sababu hukataa kuteremka gea isiyostahiki. Gari la gea za mkono, ambalo ndilo tamu, halikatai kitu.

Kabla ya kufika Mwanakwerekwe nilipoteza shilingi elfu 30 katika gereji nyengine, ambayo nayo siitaji. Kijana wa pale alichomeka kifaa kidogo cha mkononi chini ya dashibodi, akasubiri, akanionesha kioo kisichokuwa na hitilafu yoyote, akasema, "Gari safi hili, bwana." Hakunidanganya kwa kusudi. Vifaa vya aina ile husoma hitilafu za jumla ambazo kila gari la kisasa hulazimika kuzitoa, na kumbukumbu za resi hazimo humo. Ili kuzifikia inahitajika mashine ya kiwanda iitwayo PIWIS, au programu ya Durametric pamoja na kebo yake kwenye kompyuta ya kawaida. Kosa lake ni kuniuzia jibu la swali ambalo sikumuuliza, na hilo limenifanya niwashauri wanunuzi waulize kabla ya kulipa: utaniwekea ngazi za resi na saa zake, au utaniangalizia taa tu? Akisitasita, ondokeni.

Fundi wa Mwanakwerekwe anatumia Durametric kwenye kompyuta mpakato kuukuu ambayo herufi za vitufe vyake zimefutika kwa grisi. Siku niliyompelekea gari la kwanza, Boxster nyeusi iliyoletwa kutoka Japani, alianza kwa kufunga chaja ya betri, akiniambia kwamba umeme wa gari ukishuka katikati ya kazi mawasiliano hukatika, kisha akachomeka kebo, akawasha suichi bila kuwasha injini, akavuta kiti cha plastiki. Kabla hajagusa ngazi za resi alisoma namba ya chesisi iliyoandikwa ndani ya kompyuta na kunitaka niilinganishe na ile iliyogongwa kwenye bodi. Nilimuuliza kwa nini. "Sheikh," akasema, "boksi la kompyuta likibadilishwa, kumbukumbu zote unazosoma ni za gari la mtu mwengine."

Namba zililingana, na ngazi za resi za gari lile jeusi zilikuwa nzuri kupita nilivyotarajia: ngazi ya kwanza na ya pili zilikuwa na mamia machache, nyengine zote sufuri. Mimi tayari nilikuwa nimeshaanza kuhesabu fedha kichwani. Fundi akaninyooshea kidole mstari ambao sikuwa nimeuangalia, nao ni jumla ya saa ambazo injini imefanya kazi: 1,980. Mita ya kilomita ilikuwa ikionesha 41,000. Gawanya, akaniambia, na nilipogawanya nikapata wastani usiofika kilomita 21 kwa saa katika maisha yote ya gari. Ama gari lile liliishi kwenye foleni za mji mkubwa tangu lilipozaliwa, ama mita imerudishwa nyuma, na alipoinama akanionesha jinsi mpira wa pedali ya klachi ulivyolika upande mmoja mpaka mistari ikapotea. Hakusema kwamba mita imerudishwa. Alisema tu kwamba yeye hangenunua, akarudi kwenye Noah iliyokuwa ikimsubiri.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba thamani ya huduma hii haimo kwenye kebo. Kebo inanunulika. Kilichonigharimu shilingi elfu 80, bei ambayo mwanzoni niliiona kubwa kwa kazi ya dakika 40, ni mtu anayejua kwamba idadi ya cheche bila ya saa yake haina maana, na kwamba ngazi zilizo safi hazitoshi kulisafisha gari.

Gari la pili lilinifunza somo hilo hilo kwa upande wa pili. Lilikuwa Boxster ya mwaka 2007, injini ya lita 2.7, gea tano za mkono, rangi ya fedha, iliyowahi kuendeshwa Uingereza kabla ya kuvuka bahari, na mwenyewe alikuwa mzee mstaafu wa Mbweni. Nilipomwomba nilipeleke likapimwe alinitazama kama niliyemtilia shaka nasaba yake. "Mwanangu," akasema, "gari hili mimi naendea msikitini Ijumaa, tena polepole." Nilimwambia, "Shikamoo mzee wangu, sikutuhumu wewe. Wewe umelipata limeshakuwa kubwa." Alicheka, akanipa ufunguo, lakini akapanda naye.

Matokeo yalipotokea kwenye kioo, mzee alikuwa wa kwanza kushituka. Ngazi ya kwanza ilikuwa na cheche 4,312, ya mwisho ikiwa saa ya 1,486. Ngazi ya pili 655, saa ya 1,102. Ngazi ya tatu 61 na ya nne 22, zote mbili saa ya 403. Ya tano na ya sita sufuri. Saa zote za injini zilikuwa 1,611 na mita ilisoma kilomita 78,400. Mnunuzi asiye na mwongozo angeziona elfu nne na kukimbia, au angeziona 22 na kuzipuuza kwa kuwa ni chache, na katika yote mawili angekuwa amekosea.

Fundi alichukua kipande cha boksi la oili na kalamu. Injini ya silinda sita hupiga cheche tatu katika kila mzunguko mmoja wa krenki, yaani shafti kuu ya injini, kwa hiyo kwenye mizunguko 7,200 kwa dakika hupiga cheche 360 kwa sekunde moja. Zile 4,312 zinazotisha ni kama sekunde 12, zilizokusanywa kwa miaka yote ambayo watu tofauti walifurahia barabara. Ngazi ya pili haifiki sekunde mbili. Hizo alizikata kwa mstari. Kisha akaizungushia duara ngazi ya nne. Cheche 22 ni mizunguko saba tu ya injini, pungufu ya kufumba na kufumbua, lakini ngazi ya tatu na ya nne kuandikwa saa moja ile ile ni dalili kwamba lilikuwa tukio moja la mkono kuingiza gea isiyokuwa yake. Kisha akaandika pembeni 1,611 kutoa 403. Tangu siku hiyo injini ilikuwa imeshafanya kazi saa 1,208, na kwa wastani wa gari lenyewe, ambao ni karibu kilomita 49 kwa saa na unaingia akilini, ni mwendo wa kilomita kama 59,000. Maoni yake, ambayo nayakubali, ni kwamba injini ambayo vali zake zilipinda au boliti zake zililegea haisafiri masafa hayo kimya kimya, na kwamba tukio hilo hilo lingekuwa limetokea saa tano zilizopita angetuambia tufunge boneti twende zetu.

Hata hivyo hakuishia kwenye kioo. Kwa shilingi elfu 40 zaidi alitoa plagi zote sita, kazi ya jasho kwenye gari ambalo injini yake imefichwa nyuma ya viti, akapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, na silinda zote zikawa karibu karibu.

Sasa kasoro, maana zipo. Gereji hii haitoi ripoti ya maandishi. Nilipiga picha ya kioo kwa simu yangu na ndiyo hati niliyonayo, jambo ambalo kwa malipo yale si la kuridhisha, hasa kwa mtu anayetaka kumuonesha muuzaji au mnunuzi wa baadaye. Miadi yake ni ya kubahatisha: nilipangiwa saa tatu asubuhi nikahudumiwa baada ya adhuhuri, bila ya kupigiwa simu. Hana kamera ya kuingiza kwenye tundu la plagi kuangalia kuta za silinda, na kwa injini za Porsche za miaka hiyo, khasa zile kubwa za lita 3.4 na 3.8 ambazo zinajulikana kwa kuchubuka silinda, hilo ni pungufu kubwa ambalo kompresheni peke yake haiwezi kuliziba. Anayenunua Boxster S au 911 atafute kamera hiyo kwengine, hata ikibidi kuvuka Dar es Salaam. Aidha, kutu ya chini ya gari, ambayo kwa hewa yetu ya chumvi ni ugonjwa wa kila siku, aliiangalia kwa tochi na haraka. Boliti za ekzosi zilizokwisha kuoza niliziona mwenyewe baadaye.

Wenzetu wa Pemba wameniuliza kama analazimika mtu kuvusha gari. Amenambia kwamba kompyuta yake inaingia begini na kwamba atakwenda Chake au Wete kwa anayemlipia boti ya kwenda na kurudi juu ya bei ya kawaida. Sijasikia aliyemjaribu kwa safari hiyo.

Gari la mzee nimelinunua. Ile ngazi ya nne, pamoja na boliti za ekzosi, ilinipunguzia shilingi milioni moja na nusu kwenye bei ya kwanza, na mzee aliitoa akinung'unika kwamba anatozwa faini kwa kosa la Mwingereza. Baada ya miezi mitatu nililirudisha gereji kwa ajili ya kubadilisha oili, na fundi, bila ya kuombwa na bila ya kunitoza, akachomeka kebo yake. Saa za injini zilikuwa 1,648. Ngazi ya kwanza ilikuwa imepanda kutoka 4,312 hadi 4,498, ya mwisho ikiwa saa ya 1,640. Aligeuza kompyuta upande wangu, akauliza, "Na hizi, sheikh, nazo ni za Mwingereza?" Nikamwambia kwamba barabara ya Tunguu asubuhi ya Jumapili huwa tupu sana.