Ng'ombe wa maziwa kwa mtu wa Bukavu: yupi anunuliwe kwanza, yupi aachwe sokoni

Mtu wa Bukavu, huku mashariki mwa Kongo, akipata dola kidogo za ziada huwaza mambo matatu: kiwanja, pikipiki ya kukodisha, au ng'ombe huko kijijini. Kiwanja kina kesi na pikipiki ina ajali, kwa hiyo wengi huishia kwenye ng'ombe wakidhani yeye hana shida zake. Anazo. Nafuga huko Kabare, juu ya mji, na karibu kila mwezi kuna ndugu au rafiki anayeniuliza: "Ninunue aina gani?" Hapa nimewapanga kwa utaratibu wangu mwenyewe. Bei sizitaji, maana zinabadilika kila wiki kufuatana na barabara na msimu, na bei utakayoisoma leo itakudanganya kesho.

Kabla ya kuuliza aina, hesabu bidoni. Ng'ombe mkubwa anayekamuliwa sana anakunywa lita 60 na zaidi kwa siku, yaani bidoni tatu za lita 20, na siku ya jua hata nne au tano. Kama chemchemi iko chini ya kilima na banda liko juu, kuna mtoto wa mtu atakayezibeba hizo bidoni asubuhi na jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Majani nayo yana hesabu yake: ng'ombe hula takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake kwa majani mabichi. Mwenye kilo 400 anataka kilo 40 kila siku. Nenda kakate matete kilo 40 kwa mikono yako siku moja tu, uyabebe kichwani, ndipo urudi tuongee kuhusu aina.

Wa kwanza: chotara wa nusu

Namaanisha mtoto wa moja kwa moja wa jike la kienyeji, mara nyingi Ankole wa pembe ndefu, na dume la kigeni kama Friesian. Nusu kwa nusu. Huyu ndiye ninayemweka juu ya wote, na sababu haiko kwenye maziwa peke yake.

Koo mbili zilizoishi mbali kwa karne nyingi zikikutana, udhaifu uliojificha katika damu ya upande mmoja hufunikwa na upande wa pili. Mtoto anatoka na nguvu ambayo huwezi kuipata kwa kuchukua tu wastani wa baba na mama. Nguvu hiyo huonekana zaidi pale pale ambapo mfugaji huumia zaidi: jike kushika mimba bila kusumbua, ndama kupita miezi yake ya kwanza, ng'ombe kuishi miaka mingi. Kwenye mafuta ya maziwa haiongezi sana. Kwenye uhai inaongeza.

Jike la Ankole linakupa lita moja au mbili baada ya ndama kunyonya. Chotara wangu, akitoka kuzaa na mvua zikiwa nzuri, hunipa lita nane, kisha hushuka polepole hadi nne. Mtu aliyezoea kusikia habari za ng'ombe wa lita 30 atacheka. Acheke. Lita nane zinazofika kwa mama wa maziwa pale Kadutu kila siku ni bora kuliko 30 za kwenye picha.

Shida ya chotara ni jina lake. Sokoni kila ng'ombe mwenye doa jeusi na jeupe ni "chotara safi, mukubwa, Frizone kabisa!" Hapo kuna siri ya rangi inayonisaidia. Weusi wa Friesian hushinda wekundu wa Ankole, lakini madoa makubwa meupe huwa yanajificha katika uzao wa kwanza. Kwa hiyo nusu kwa nusu wa kweli, mama yake akiwa Ankole wa rangi moja, mara nyingi hutoka mweusi mwili mzima, na weupe kidogo tumboni au karibu na kiwele. Ukiona madoa mazuri ya kalenda, mweusi na mweupe kama ramani, basi ama damu ya Friesian imeshazidi nusu, ama mama naye alikuwa wa madoa. Si lazima awe mbaya, ila si yule unayeambiwa. Swali moja hufupisha mabishano yote: "Mama yake yuko wapi, nikamwone?" Muuzaji mwenye mama wa kuonyesha atakuonyesha. Mwingine ataanza kuzungumzia hali ya hewa.

Jambo ambalo wanunuzi hawalifikirii ni kwamba huyu nusu naye atazaa. Na nani? Ukimpandisha kwa dume ambalo nalo ni nusu, ndama watapoteza kama nusu ya ile nguvu ya uchotara, tena watatoka wa kila namna: mmoja mfano wa bibi, mwingine mfano wa babu. Ukirudi kwa Friesian unapata robo tatu, ambaye nitamfikia chini. Ninachokipenda mimi ni damu ya tatu: nusu huyo apandishwe kwa Jersey. Ndama anakuwa nusu Jersey, robo Friesian, robo Ankole, na sehemu kubwa ya nguvu inabaki.

Kwa hiyo, kabla hujatoa pesa, tembea kwenye kilima utakapofugia uulize dume lipo wapi na la aina gani. Uhamilishaji kwa mirija, yaani kumpandisha jike kwa mbegu iliyohifadhiwa bila dume kuwepo, ni mzuri, lakini mbegu hukaa kwenye naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na naitrojeni hiyo haiuzwi dukani pa kijiji. Joto la jike, yaani ule muda anapotaka dume, kwa kawaida halimalizi siku nzima. Ukiliona asubuhi, apandishwe jioni; ukiliona jioni, asubuhi. Mtaalamu akikwambia "nitakuja kesho kutwa kama barabara itakauka", umeshakosa, na utasubiri siku 21 nyingine. Siku 21 ukinunua chumvi na dawa ya kupe bila mimba.

Wa pili: chotara wa Jersey, au wa Brune

Jersey ni mdogo. Jike lililokomaa lina kilo 400 na kitu, wakati Friesian hufika 600 na kupita. Kwenye miteremko yetu udogo ni sifa: anakula kidogo, hateremki akiporomosha ardhi, na mtamba mdogo wa kienyeji hazai kwa taabu sana akipandishwa na Jersey. Maziwa yake si mengi ila yana mafuta karibu asilimia 5, na anayetengeneza mashanza, maziwa yetu ya mgando, atakwambia tofauti bila kupima chochote, kwa kijiko tu. Mimi ningemweka wa kwanza kama ningekuwa natengeneza mashanza au siagi. Wanunuzi wa bidoni mjini hulipa lita, hawalipi mafuta, ndiyo maana yuko wa pili. Na onyo: dume la Jersey ni dogo kwa umbo lakini lina hasira ya ajabu. Usiligeuzie mgongo.

Brune, yule wa kahawia wa Uswisi, ana kwato ngumu na miguu ya mlimani, na maziwa yake yanafaa jibini. Ukibahatika kupata chotara wake usisite. Ugumu ni kumpata.

Sahiwal, wa asili ya Punjab, wapo wanaomsifu kwa sababu anahimili joto na kupe. Sisi huku juu mita 1,500 na zaidi joto si adui yetu. Huyo waachiwe watu wa uwanda wa Ruzizi, wanaotoka jasho tangu saa mbili asubuhi.

Wa tatu: wa kienyeji

Mnacheka kwa nini wa tatu? Kwa sababu anabaki hai. Ankole na ng'ombe wetu wadogo wa vilima wanaishi na kupe tangu wakiwa ndama, wanakula majani yaliyokauka, na wanatembea. Hili la kutembea watu wa vitabu hawaliandiki. Huku kwetu kuna usiku ambapo watu hulazimika kukimbia na mifugo yao, na ng'ombe asiyeweza kutembea kilometa 20 ni ng'ombe wa mtu mwingine asubuhi yake.

Kama pesa ni kidogo, hii ndiyo njia ninayoiona ya akili: nunua mtamba wa kienyeji mwenye afya, subiri akomae sawasawa, kisha umpandishe na dume la kigeni. Mimba ni miezi tisa na siku chache, na ndani yake kuna chotara wa nusu ambaye mama yake unamjua, kwa bei ya uvumilivu. Na kama ng'ombe ni wa mahari, usisumbuke na jambo lolote lingine. Kienyeji, jike, mnene, pembe nzuri. Usimpelekee baba mkwe ng'ombe anayekula kuliko bwana harusi.

Wa nne na wa mwisho: robo tatu, na Friesian safi

Ng'ombe wangu wa kwanza alikuwa wa kundi hili. Mrefu, kiwele kama mtungi, karatasi nazo zilikuwepo. Aliyeniuzia alinihakikishia kuwa amezoea kupe. Alikuwa amelelewa bandani maisha yake yote na huenda kupe wa kweli hakuwahi kumwona. Wiki ya tatu aliacha kula. Nilipomshika chini ya sikio nikakuta tezi imevimba kama yai la kuku, masikio ya moto, na ndani ya sikio kupe wa kahawia wamejipanga kama punje za mtama. Ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe huyo wa masikioni. Dawa ipo na inaponya ikiwahi. Mimi nilichelewa siku mbili nikidhani ni kubadilisha malisho. Mwishoni alihema kwa mdomo wazi na povu likimtoka puani. Tulimzika sisi wanne, na shimo la ng'ombe wa kilo 500 si shimo la mchana mmoja.

Kwa hiyo wa robo tatu nasema: mchukue tu kama utampulizia dawa ya kupe kila wiki bila kukosa, ukiinua mkia na kupekua masikio, na kama una majani ya kukata mwaka mzima. Usipomlisha, zile damu zake za ziada hazikupi hata lita moja zaidi ya chotara wa nusu, zinakupa mbavu.

Friesian safi ana mtu wake. Ni yule anayekaa karibu na mji, mwenye banda la saruji, bomba la maji, machicha ya kiwanda cha bia (dreshi, kama tunavyosema), na daktari wa mifugo anayepokea simu usiku. Huyo afuge, na atatushinda sote. Wengine tumwangalie kwa mbali.

Ukiwa mbele ya ng'ombe mwenyewe

Usinunue kiwele cha mchana. Kuna wauzaji wanaoacha kumkamua tangu jana ili kiwele kijae na wewe utetemeke. Sema utarudi asubuhi, umkamue mwenyewe, na jioni tena. Mtiririko wa kwanza wa kila chuchu uukamulie kwenye kitambaa cheusi: mabonge au maji maji ni ugonjwa wa kiwele. Gusa chuchu zote nne. Nimeona mtu akilipa pesa ya nne akakamua tatu.

Fungua mdomo. Meno mawili makubwa ya mbele, ana kama miaka miwili. Manane, ameshapita minne, hata akikwambia ni mtamba. Uliza kama alizaliwa pacha, na pacha wake alikuwa nini. Jike aliyezaliwa pamoja na dume, karibu tisa kati ya kumi hawazai kamwe, na ndio wanaonona na kung'aa kuliko wote sokoni. Uliza pia kama aliwahi kutupa mimba, na upime damu kwa ajili ya brusela, kwa sababu huo ugonjwa hauishii kwa ng'ombe. Unaingia kwenye kikombe cha mtoto anayekunywa maziwa mabichi.

Wanaovuka kumtafuta ng'ombe ng'ambo ya mto Ruzizi nawaelewa. Rwanda ina machotara wengi, na tangu 2006 mpango wa Girinka umewagawia familia maskini ng'ombe wa maziwa. Lakini hakikisha karatasi za afya ni za ng'ombe uliyemshika kamba, na si za dada yake.

Akifika nyumbani, mtenge na wengine wiki mbili, mpulizie dawa siku hiyo hiyo, na kila asubuhi umshike chini ya masikio hata kama anakula vizuri. Mimi bado nafanya hivyo kwa wote. Yule chotara wangu mweusi mwenye tumbo jeupe alipandishwa Jersey mwezi wa pili, na jirani ameshaanza kuniulizia ndama. Likiwa dume, tutaongea. Likiwa jike, siuzi.