Kari nyekundu ya Kithai ya kopo: nimeipikia nyumbani miezi minne, haya ndo maoni yangu

Jamani kuna watu kama watano nimewaahidi kuandika hii na kila siku naahirisha, leo watoto wamelala mapema acha niimalize. Nazungumzia yale makopo ya kari ya Kithai yanayokaa kwenye supamaketi kubwa hapa Dar, shelfu moja na sosi ya soya na tambi za mchele. Nimetumia Mae Ploy, lile la plastiki la gramu 400, na pia Maesri, kikopo kidogo cha bati cha gramu 114 ambacho kinafaa mtu anayetaka kuonja kwanza kabla hajatoa hela nyingi. Ndani ni rojo nyekundu nzito, kavukavu kuliko nyanya ya kopo, na ukifungua tu harufu inakupiga.

Nilikuwa nayapita miaka yote nikijua ni vitu vya wageni wa Masaki. Sasa hivi kila wiki lazima yaingie jikoni kwangu, na nasema kwa moyo mmoja kwamba kwa mtu aliyelelewa pwani, anayejua kukuna nazi na kulikamua tui, hakuna chakula cha nje chepesi kukipika nyumbani kama hiki, maana kazi kubwa yote tunaijua tangu utotoni.

Soma tu ubavuni mwa kopo uone. Pilipili nyekundu zilizokaushwa, kitunguu saumu, vitunguu vidogo vyekundu, mchaichai, chumvi, galangal ambayo ni ndugu yake tangawizi ila harufu yake kali zaidi, ganda la ndimu ya kwao ile yenye ngozi ya makunyanzi, na kwenye makopo mengi kuna uduvi uliosagwa na chumvi ukaachwa uchachuke. Mimi mtu wa Tanga, mchaichai nimeukuta kwenye birika la chai, uduvi bibi alikuwa anaupika kwa nazi na tukagombania ukoko. Kwahiyo ukiondoa galangal na lile ganda la ndimu, humo ndani hamna mgeni. Unachonunua hasa ni kazi ya mikono, kwa sababu kule kwao hivi vitu vinatwangwa kwenye kinu mpaka vilainike kabisa na ni shughuli ya muda, sisi tunaorudi kazini saa moja usiku hatuna huo muda.

Sasa kwenye kupika ndo naomba mnisikilize vizuri, maana mara ya kwanza nilitaka kulitupa kopo zima. Nilipika kama mchuzi wetu wa kila siku, nikakaanga kitunguu maji kwenye mafuta, nikatia nyanya, nikatia kari, nikamimina tui la boksi nikafunika. Mchuzi ukatoka umepauka, pilipili inakwaruza koo, na kuna harufu ya ubichi haitoki hata ukichemsha nusu saa. Nikasema hii kari mbaya. Kumbe kari haina kosa, njia ndo haikuwa yenyewe.

Nilivyokuja kujifunza wenyewe Wathai wanavyopika ndo nikaelewa. Wale wanakamua nazi mara mbili kama sisi, tui la kwanza wanaliita hua kathi, yaani kichwa cha tui, na la pili hang kathi, mkia. Si ndo kasimile na tui jepesi hizo! Na ngoja niwaambie kitu kilichonifurahisha sana, kile kibao cha kukunia nazi ambacho sisi tunakiita mbuzi, wao wanakiita kratai, maana yake sungura. Watu wametengana na bahari nzima na kila mmoja kakaa juu ya mnyama wake anakuna nazi.

Basi utaratibu ni huu. Nazi mbili, kamua kasimile kwa maji kidogo sana ya vuguvugu, iweke pembeni, halafu kamua tui jepesi kwenye bakuli lingine. Sufuria jikoni, usitie mafuta hata tone, mimina ile kasimile peke yake, moto wa wastani, na uwe unakoroga taratibu. Hapa ndo panapotaka moyo, kwa sababu sote tumefundishwa kwamba tui lisikatike, mama anakusimamia mgongoni koroga koroga litakatika hilo, na hapa unataka likatike. Mwanzo linatokota kwa mapovu mazito meupe, baada ya dakika saba nane hivi mapovu yanakuwa madogo, sauti inabadilika inaanza kuchachatika kama kitu kinakaangwa, na ukiinamisha sufuria unaona mafuta maangavu yamejitenga pembeni. Hapo hapo tia vijiko viwili vya chakula vya kari. Koroga na mwiko wa mbao dakika tatu, uone yale mafuta yanavyogeuka mekundu na harufu ya mchaichai inavyofika mpaka sebuleni, ule ubichi wote unakufa. Ndo unatia kuku aliyekatwa vipande vidogo, unamgeuzageuza kidogo, halafu tui jepesi linafuata na linachemka dakika kumi na tano mpaka kuku aive. Ukipika kamba chemsha tui kwanza, kamba waje mwisho mwisho, dakika nne zinatosha.

Kama huna nazi ukatumia tui la boksi sikukatazi, ila mengi yanawekewa vitu vya kuzuia mafuta yasijitenge, unaweza kukoroga mpaka mkono uchoke na lisikatike. Hapo tia kijiko kimoja cha mafuta ya kula ukaangie kari, ndo uongeze tui. Utamu upo lakini si ule.

Mboga zao hatuna zote na wala usihangaike. Wanatumia bilinganya ndogo za kijani za mviringo, mimi natia nyanya chungu nimezikata pande nne, na kwa mdomo wangu ule uchungu kwa mbali unaendana kabisa. Sukari yao ya mnazi nimebadilisha na sukari guru, kipande cha kidole gumba tu. Mrehani unatupia mwisho ukishaepua. Ndimu unakamulia mezani.

Chumvi usitie! Rudia kusoma hapo. Hizi kari zote za kopo zimekolea chumvi kwa sababu ndo inayozitunza, na kama umenunua na ile sosi ya samaki ndo kabisa, onja kwanza mwisho wa kupika ndo uamue. Na wali upike mweupe, mchele wa Kyela kama unao, usipike wali wa nazi maana mchuzi wenyewe umeshiba nazi utawakinaisha watu.

Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kutoka Pangani, na nyie mnajua mtu wa Pangani na mambo ya mchuzi wa nazi. Nikampikia kamba niliowanunua asubuhi soko la samaki la Feri. Nikamwekea sahani, karibu mama, akamega tonge la kwanza akanyamaza. La pili akanyamaza. Akaniuliza, "Mwanangu, humu umetia mchaichai?" Nikamwambia ndiyo mama, umo. Akachovya kidole akalamba tena, "Na uduvi." Sijamwonyesha kopo, sijamwambia chochote! Akasema "haya, niongeze wali." Mimi nlikuwa nimesimama pale na upawa mkononi natamani kulia, kwa sababu mama huyu kwenye chakula huwa hasifii mtu.

Kuhusu bei, kopo la gramu 400 ukilitazama kwenye shelfu unaona ni hela nyingi kweli, lakini kwangu watu watano linanitoa mara kumi. Ukigawanya, kila sufuria inakuwa sawa na kununua viungo vya pilau. Ukishafungua weka friji na kijiko kiwe kikavu kila mara, mimi langu limekaa miezi miwili na halijabadilika harufu.

Lililoniudhi ni duka. Kopo la pili nililichukua supamaketi moja ambayo sitaitaja, nikafika nyumbani nabandua stika ya bei nakuta chini yake ndo kuna tarehe ya kuisha na imepita miezi saba. Nikarudi kesho yake na risiti, nikaambiwa mali ikishatoka hairudi, sijapewa hata mia. Imeniuma mpaka leo, maana stika ile haikujibandika yenyewe juu ya tarehe. Bandueni hizo stika mkiwa bado mpo kwenye foleni, na mkikataliwa liacheni hapo hapo.

Kwa Waislamu wenzangu, tafuta nembo ya halali ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand, bidhaa nyingi za huko wanaiweka wazi kabisa. Na wenye mzio wa kamba na jamii yake muwe makini mno, soma viungo vyote usidanganyike na picha ya mboga juu ya kopo, hata asiyekula nyama na samaki asome, ule uduvi hauonekani kwa macho.

Rangi nyingine nimejaribu. Ya kijani ni kali kweli, watoto hawakuweza. Ya njano sitainunua tena, ina binzari nyingi na mwisho wa siku nimepata kitu kinachokaribiana sana na mchuzi wangu wa kawaida. Masaman ndo mpenzi wangu wa pili, hiyo asili yake ni mapishi ya Waislamu na hata jina linatokana na hilo, ina mdalasini, iliki, karafuu, inapikwa na nyama ya ng'ombe, viazi na karanga, moto mdogo saa moja na nusu mpaka nyama ikatike kwa kijiko. Mume wangu anaiita pilau ya mchuzi. Kwa siku yenye nafasi ipikeni hiyo, kwa siku ya kazi pikeni nyekundu.

Mama mkwe anaondoka nilimfungia nusu ya kopo kwenye chupa ya jemu tukaibana vizuri na nailoni asipate shida kwenye basi. Juzi kanipigia, kaipikia pweza, kasimile ya nazi tatu, majirani wameuliza harufu ya nini, na chupa imebaki tupu.